Mvua ya Galway

Mjukuu wangu alipata nafasi ya kusoma Ayalandi, tena katika miji miwili, Cork na Galway. Alitakiwa ajibu siku ileile kabla ya jioni, na moyo ulikuwa umemgawanyika. Akaja kwangu hapa Mtendeni. Kwa utani wa bibi na mjukuu, huwa ananiita mke wake.

“Mke wangu, nichagulie. Ukikosea nakurudisha kwenu Puge.”

Mimi nimeishia darasa la saba na miji hiyo sijaiona hata kwenye picha. Ila sisi tuliokulia kwenye mpunga tuna swali moja tunaloulizia kila mahali. Nikamuuliza wapi mvua inanyesha zaidi. Akapekua simu, akasema kote inanyesha, ila Galway imezidi.

“Basi nenda Galway, mume wangu. Hutalala njaa.”

Cork sikuisema vibaya, haijanikosea kitu.

Mwezi wa pili akiwa huko akapiga simu, meno yanagongana mpaka nayasikia.

“Mke wangu, umenitupa bwawani! Soksi hazijakauka tangu Jumatatu.”

“Na mpunga wao?”

“Hawalimi mpunga! Ni majani tu ya ng'ombe.”

“Ng'ombe wenyewe wakoje?”

“Wamenona, bibi. Hilo siwezi kukudanganya.”

Nilijiona nimekosea nusu, labda zaidi ya nusu. Nikakubali anirudishe Puge kama tulivyoahidiana, ila aje na hiyo mvua, maana majaruba ya mpunga ya kwetu mwaka huu yamepasuka kwa ukame.