Mshale Uliogandishwa kwa Gundi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka meno yangu yanasagana. Usidhani uzee umenipoza. Kaa hapa karibu, unisikilize hadi mwisho, maana leo sitasema kwa upole.

Nilikuwa msichana bado, nikichuuza unga wa muhogo. Nilikuwa nikiununua Kasaji na kuuleta hapa Kolwezi, na safari zote nilisafiri katika gari kuukuu la baba, lile la kubeba watu nyuma na mizigo juu. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli kule Tenke na nyumbani alionekana mara chache. Usukani alikuwa amemwachia kaka yangu mkubwa, Yaya Ilunga. Yaya alikuwa kijana mtanashati, mwenye kupenda vitu vinavyong'aa. Alichoka kuona vipimo vya gari vyenye vioo vilivyofifia, akatafuta tablo nzima ya gari jipya zaidi, yaani lile bamba la mbele ya dereva lenye kipimo cha mwendo, cha mafuta na cha joto la injini. Aliipata kwenye gari lililopinduka, akaifunga yeye mwenyewe. Taa zake zilikuwa za kijani. Lo, alivyojivuna!

Lakini kipimo cha joto kilikuwa kimelala. Ile tablo ya zamani nilikuwa naijua: tukipanda kilima, mshale nao ulipanda, tukishuka, nao ulishuka. Huu mpya ulibaki chini kabisa, injini iwe imeamka sasa hivi au imetoka kunguruma mchangani tangu Mutshatsha. Nikauliza. Kesho yake nikauliza tena. Mimi ndiye niliyekaa na Yaya mbele, mwanangu, na nyuma yetu walikaa kina mama na watoto wao. Kwa nini nisiulize?

Mwishowe Yaya akalipeleka gari kwa Fundi Kalala, mwenye garaji kwenye barabara ya Kingamyambo. Alirudi akipiga honi. Mshale sasa ulisimama katikati, wima, mzuri, kama askari wa gwaride.

"Weye Ngoie, angalia," akaniambia. "Mushale iko mu katikati. Sasa utanyamaza?"

Nilinyamaza, ndiyo, mpaka asubuhi iliyofuata. Niliingia garini kupanga magunia yangu, nikautazama ule mshale. Ulikuwa katikati. Injini ilikuwa baridi, na Yaya alikuwa bado ndani akinywa chai. Ufunguo nilikuwa nao mimi mkononi.

Nikamwita. "Yaya, funguo iko hapa mu mukono yangu. Motere imelala tangu jana. Sasa hii mushale inapima joto ya nini?"

Akacheka. "Ni ya kisasa. Inakumbuka."

Inakumbuka! Hebu nieleze, mwanangu, chuma gani kinakumbuka? Nilikwenda kwa miguu hadi garaji, nikamuuliza Fundi Kalala swali lilelile mbele ya wateja wake. Naye akacheka. Akasema wanawake siku hizi wanataka hata kufundisha mafundi. Wateja wakacheka pia. Nikarudi nyumbani, na kwa kuwa unga wangu ulikuwa unanisubiri Kasaji, na gari lingine halikuwepo, nikapanda lilelile.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile yetu iliishia kwenye kilima kabla ya Mutshatsha, wakati wa kurudi, jua likiwa utosini. Nilisikia harufu tamu ya kuungua, halafu injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Yaya akasimamisha gari. Akautazama mshale. Katikati. Akafungua boneti, na mpira mmoja wa maji ulikuwa umepasuka mdomoni, unavuja polepole.

"Usifungue radiatere!" nilipiga kelele. "Yaya, ngoja ipoe!"

"Ipoe nini? Haina joto. Angalia tablo."

Akazungusha kifuniko cha radiatere, lile tangi la maji ya kupoza injini.

Sitakueleza sauti aliyoitoa. Maji yaliruka kama yametupwa na mtu mwenye chuki, yakampata mkono wa kuume na upande mzima wa uso. Mama mmoja wa kanisa, ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua, alishuka mbio na kopo la maji yake ya kunywa, akammwagia taratibu, akavua kitenge chake cha juu na kumfunika asipigwe na vumbi. Wengine walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeutazama ule mshale kupitia kioo cha mbele. Gari lilikuwa linafuka moshi mweupe, na mshale wenyewe ulikuwa umesimama pale pale, mzuri vilevile.

Lori la makaa lilitufikisha hospitali. Baba alipata habari, akaja kutoka Tenke. Alimwona mwanawe, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Asubuhi akapata mtu wa kulivuta gari hadi garaji ya Fundi Kalala. Mimi nilitangulia. Mkononi nilikuwa na spana kubwa, ile ya kufungulia magurudumu, na nakuambia kweli, sikuichukua kwa ajili ya magurudumu.

Fundi aliponiona alisimama nyuma ya meza yake.

"Ulifanya nini ile mushale?" nikamuuliza.

Akajaribu kuzungukazunguka maneno. Niliinua spana. Ndipo akasema: "Nilitia kole. Tone moja tu, ya gundi. Lakini uliza kaka yako! Nilimwambia ile tablo haipatane na sonde ya motokari yenu. Yeye akasema hana wakati. Akasema: simamisha mu katikati, dada yangu ananisumbua."

Mwanangu, nilihisi ardhi imehama: Yaya aliuagiza uongo ule mwenyewe, kisha akauzoea hadi kule kilimani akauamini. Hasira yangu ilikuwa na mlango mmoja, sasa ikakuta miwili. Niligeuka nikataka kuvunja chochote kilichokuwa karibu, kioo, taa, kichwa. Baba akanishika mkono kutoka nyuma. Nami nilikuwa sijui kama amekwisha kufika.

"Ngoie, hasira yako ni ya haki," alisema. "Sikukatazi. Lakini ukivunja kioo tutakuwa na kioo kimevunjika, na motokari ya kuua watu itabakia. Ipe hasira yako kazi." Akaichukua spana, akaiweka mezani mbele ya fundi. "Tata Kalala, utatengeneza sasa, mbele ya huyu mutoto. Na kila unachofanya, umuelezee."

Akatengeneza. Alikwangua gundi, mshale ukaanguka chini. Akachomoa waya kwenye sonde, kile kichuma kidogo kilichofungwa kwenye injini ili kionje joto, akawasha swichi na kuugusisha ule waya kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka hadi juu, kwenye nyekundu. "Basi waya ni muzima, na tablo ni nzima," alinieleza bila kunitazama. Akaifungua sonde yetu ya zamani, akaitia kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula ya makaa, na waya mmoja kichwani, mwingine ukiifunga mwili wake na chuma cha gari. Maji yalichemka hadi yakamwagika. Mshale ulijikongoja kidogo tu, ukatulia. Sonde ilikuwa inasema kweli, lakini ilisema kwa lugha ambayo ile tablo haikuifahamu.

Kisha Kalala akainama, akavuta bati la vyuma vyake vikuukuu, akatoa sonde nyingine, ya aina inayolingana na tablo. Akaitia sufuriani. Mshale ukapanda pole pole pamoja na mvuke.

Ilikuwa humo batini. Wakati wote ilikuwa humo, hatua mbili kutoka alipoketi siku aliyonicheka. Alijua dawa, na dawa alikuwa nayo, akachagua gundi kwa sababu gundi ni rahisi na mteja anaondoka akicheka. Hiyo ndiyo iliyonichoma mimi kuliko maji ya radiatere yalivyomchoma Yaya.

Injini ilipona. Mkono wa Yaya haukupona; vidole vilikauka vimekunjika, na jicho moja likabaki na ukungu. Nilimuuliza akiwa bado kitandani: "Ulimwambia atie kole?" Akageukia ukuta. "Nilichoka na maneno yako," akasema. Mpaka leo hajasema jingine. Mimi ndiye niliyeshika usukani baada yake, miaka mingi, na hadi sasa ndiye ninayemkatia bukari, ugali wetu, vipande vipande ale kwa mkono wa kushoto. Nampenda. Nimemkasirikia pia, na mapenzi hayo hayajaizima hasira hiyo. Vyote viwili vinalala chumba kimoja.

Basi sikia, mwanangu. Anayekuuliza si adui yako. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mara nyingi wanaolia si yeye peke yake. Mtu akikuonyesha kasoro, ama uitafute, ama ukiri huijui. Usimtafutie cha kumnyamazisha. Ukiwa fundi, usimuuzie mtu amani ya uongo, hata akikuomba kwa magoti. Na ukiwa wewe ndiye muulizaji, ukachekwa, uliza tena, shika mlango wa gari wasiondoke. Wakikuambia una hasira, waambie ndiyo, ninayo, na ina kazi ya kufanya.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa mababu zetu akutangulie katika kila barabara. Akupe watu wenye ujasiri wa kukuambia wasiyopenda kukuambia, na akupe masikio ya kuwasikia kabla ya maumivu. Wote watakaopanda pamoja nawe wafike kwao wazima, na wewe ufike wa mwisho, mzima pia. Amina.