Uweso na Vidonge vya Ng'ambo ya Mto

Mume wangu Uweso alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakubali neno mpaka alipime. Ukimwambia nazi za Pangani zina tui zito kuliko za Mabawa, atakuuliza umekuna ngapi, za minazi mingapi, na umejuaje kwamba si bahati tu. Watu wa Makorora wakambandika jina la Bwana Bahati, nami nikawa Bi Bahati bila kuulizwa.

Kazi yake ilikuwa kupima damu. Miaka hiyo ya hamsini Daktari Abdulrasul alikuwa akitafuta tiba ya safura, ugonjwa unaommaliza mtu damu mpaka viganja vinapauka kama unga wa muhogo. Uweso alitoboa vidole, akadondosha tone kwenye karatasi ya kukaushia wino, akalilinganisha na milia myekundu ya kipimo, kuanzia hafifu hadi iliyokoza. Daktari akamfundisha na hesabu zake: kutafuta wastani wa kila kundi, kuona watu wametawanyika kiasi gani kuuzunguka, kisha kuuliza kama tofauti ya makundi mawili ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuleta. Hapo ndipo mume wangu alipozama. Nakuna nazi jikoni, yeye barazani anabishana na wastani.

Kijiji cha kwanza walichokijaribia dawa kilikuwa ng'ambo ya mto Pangani, na humo aliishi mama yake mdogo, Mwatumu, aliyemlea tangu mamake alipofariki. Safura ilimwandama Mwatumu hata akitoka kisimani lazima aketi njiani. Nyumba zikagawanywa kwa kupokezana: hii inapewa vidonge vya kuongeza damu, ya jirani inasubiri. Ya Mwatumu ikapewa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, Uweso akanikanya. Hesabu haina jamaa, akasema.

Miezi ikapita, damu zikapimwa tena. Uweso akawalinganisha waliopewa vidonge na waliosubiri. Tofauti ilikuwa ndogo mno, bahati ingeweza kuileta bila kutoka jasho. Akaandika kwamba dawa haina kazi, Daktari akakubali, makasha yakaanza kufungwa ili yarudishwe.

Tukapanda pantoni kwenda kumpa mama mdogo habari hiyo mbaya. Tulimkuta anatoka kisimani, mtungi kichwani, hahemi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani."

Uweso hakuingia. Alimshika kiganja akakigeuzia juani: kimeiva wekundu. Mimi furaha ilinijaa, yeye akakunja uso. Jirani, Mboni, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kusubiri, akaja kutusalimu, naye akakamatwa mkono vivyo hivyo. Mwekundu.

"Bi Mboni, umekula nini wewe?"

Mboni akamtazama Mwatumu, wakaangua kicheko.

"Vidonge tumekula sote," akasema mama mdogo. "Ee, nimeze dawa peke yangu na Mboni ananitazama? Ua wetu mmoja, kisima kimoja! Leo kidonge changu, kesho chake. Na nyumba zote wamefanya hivyo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Wewe ulitaka vidole tu."

Tulipofika nyumbani alizifungua upya hesabu zake. Safari hii hakulinganisha nyumba na nyumba. Alimlinganisha kila mtu na nafsi yake, damu ya kabla na ya baadaye. Nikamuuliza kuna faida gani. Akanieleza, macho yanamwaka, kwamba watu hawakuumbwa na damu sawa, na ukiwachanganya tofauti zao hufunika kila kitu. Lakini Mboni wa leo ukimweka kando ya Mboni wa jana, unaona alivyosogea. Na karibu wote walikuwa wamesogea juu, waliopewa na waliosubiri. Bahati isingeweza hilo.

Daktari alifurahi, ila hakulewa furaha. "Tulikosea sote, Bwana Uweso. Kutoona tofauti si sawa na kuona kwamba haipo. Lakini hesabu yako hii nayo inasema damu imepanda tu, haisemi imepandishwa na nini. Mwaka huu dagaa walijaa. Je, kama ni dagaa?"

Makasha hayakurudishwa. Ikaamuliwa jaribio lianze upya, sasa kwa vijiji vilivyo mbali kimoja na kingine, ili majirani wasigawane. Vingine vipewe vidonge, vingine visubiri mpaka mwakani. Kura avute Uweso mwenyewe. Akavuta, na kijiji cha Mwatumu kikaangukia kusubiri.

Nilimwambia airudishe ile karatasi avute nyingine. Sioni haya kusema; nilimlilia kabisa. Alikataa. Tena akakata shauri kwenda kumwambia mama mdogo kwa kinywa chake, nami nikamfuata.

Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo dawa wamepewa kina nani?"

"Watu wa upande wa pili wa mto, mama mdogo."

Uso wa mama mdogo ukakunjuka. Akampiga Uweso bega kumliwaza.

"Sasa unahuzunikia nini, mwanangu? Watatuletea."

Uweso akanigeukia mimi. Mtu yule aliyekuwa na swali kwa kila jambo hakujua amwombe Mungu waletewe au wasiletewe.