Mpwa wangu anataka udaktari, mimi nikamchagulia masomo ya kunifaa mimi

Wakuu, ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana.

Hii naandika nikiwa kitandani, mahali ninapofanyia mambo yangu mengi. Ni ya kweli, na pale nilipojiaibisha sijapunguza.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nawoitorong, Lodwar. Cherehani iko sebuleni, kitanda kiko hatua nane kutoka cherehani, na sijui mtu mzima angetaka nini zaidi. Niliishia Form Four. Grade yangu tuiache ilale.

Naishi na mpwa wangu, Akiru. Wazazi wake wako Namoruputh na mifugo, kwa hivyo kwa mambo ya shule mzazi ni mimi. Anapika, chapati hasa, na jioni ananiletea habari za mtaa ili nisitoke kuzitafuta.

Mwaka jana alikuwa Grade 9 na anataka kuwa daktari. Si ile ya kusema tu. Mbuzi akichinjwa, sisi tunangoja nyama, yeye anauliza nyongo hufanya kazi gani.

Sasa, mnajua huu mtaala mpya. Ukimaliza Grade 9 unachagua masomo matatu, pamoja na shule ya kuyasomea. Day school iliyo karibu na kwangu ilikuwa na Biology, Agriculture na Geography. Ukitaka Biology, Chemistry na Physics, ni boarding, Kakuma.

Akiru akaniuliza, "Mjomba, daktari anahitaji gani?"

Nikajibu bila kupepesa macho, "Daktari ni Biology. Hizo zingine ni za kujaza timetable."

Nikasaini fomu ya day school.

Wakuu, sikujua. Lakini pia sikutaka kujua, na hapo ndipo penye ubaya. Simu ilikuwa mkononi, ningeuliza hapa hapa kwenu. Nilichojua ni kwamba day school maana yake Akiru analala nyumbani.

Wiki ya mwisho ya kubadilisha choices, kitenge kikaniishia. Huwa nanunua Kakuma, ndani ya camp ya wakimbizi, kwa Mama Neema. Ni Mkongo, na kwao alikuwa nesi kabla vita havijamfanya muuza vitambaa. Nilienda na Akiru anisaidie kubeba, maana mgongo wangu umezoea godoro.

Nikiwa nachagua rangi, nikasikia Akiru anamwambia habari za udaktari.

"Na masomo ulikamata gani, mwana yangu?"

"Biology, Agriculture na Geography."

Mama Neema akaweka mkasi chini. "Na Chemistry?"

"Mjomba alisema si lazima."

Akanigeukia. "Weye fundi. Nani alikuambia vile?"

Nikashika kitenge cha kijani nikauliza kama kinachuja.

"Kwanza jibu."

Nikaanza kukikunja kile kitenge. Akaniacha, akamrudia msichana.

"Mutoto anaharisha. Unamupa maji ya chumvi na sukari. Juu ya nini si maji tupu?"

Akiru akafikiria. "Maji tupu yanapita tu?"

"Chumvi na sukari vinasaidia maji yaingie mwilini. Ukizidisha chumvi, unamuua. Kuelewa hiyo, njo Chemistry. Mulango wa udaktari haufunguki bila yeye, kwetu ao hapa."

Tulikaa karibu saa nzima. Akiru anauliza, mama anajibu. Mbona dawa hii inamezwa na ile inadungwa? Hata mimi nikajikuta nauliza mbona sabuni inatoa mafuta kwa nguo, swali ambalo nimefua nalo miaka yote bila kulishtukia.

Tulipotoka nje Akiru akasimama.

"Mjomba, ulijua?"

"Sikujua. Na sikuuliza, kwa sababu nilitaka ubaki."

Akahamisha mzigo bega lingine. "Ungeniomba tu nibaki."

"Ungesema nini?"

"Ningekataa. Lakini ungekuwa umeniomba."

Hiyo iliniingia kuliko sindano yoyote niliyowahi kujidunga kwa cherehani.

Nikampigia class teacher pale pale barabarani. Nikamwambia nilimpotosha mtoto, nataka kubadilisha.

"Si ni wewe ulisaini ukasema mmeshauriana?"

"Nilishauriana na mimi mwenyewe, mwalimu."

Akacheka kidogo. "System inafungwa kesho. Uje mwenyewe, usitume mtu."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwa gate ya shule. Watchman alidhani nimefiwa.

Akiru sasa yuko Grade 10 Kakuma, na Chemistry yake. Alipokuja half-term alinieleza practical ya asidi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilielewa kama robo. Robo hiyo nimeshaeleza wateja watatu, hawakuwa wameuliza.

Nilichojifunza: mtoto akikuuliza achukue masomo gani, tafuta jibu kwa mtu anayeijua hiyo kazi. Na kabla hujafungua mdomo, angalia kama jibu lako linamfaa yeye au linakufaa wewe. Langu lilikuwa linapikiwa chapati.

Sasa madaktari na manesi mlio humu, nisaidieni. Biology anaipenda, Chemistry ameishika, lakini Physics inamtoa jasho, hasa umeme. Mliipitaje? Na kazini mnaitumia wapi kweli? Jibuni kwa urefu mnavyotaka. Safari hii nauliza kwa sababu nataka kujua, na nyumba imekuwa kimya, nina muda wa kusoma.