Ushahidi wa Mdogo Wangu

Mume wangu aliondoka kijijini kwetu Mbwera kwa sababu alichoka kukata mikoko na kushinda kwenye tope. Alitaka kazi ya nchi kavu, akaipata kwenye reli, Dar es Salaam. Baadaye mdogo wangu wa kiume akatufuata. Mume wangu ndiye aliyemwombea kazi, na kwetu ndiko alikolala mpaka alipooa.

Wote wawili walitiwa kwenye gengi la kunyunyizia dawa ya kuua majani kando ya reli. Dawa ilikuja unga mweupe ndani ya madebe. Waliichanganya na maji kwenye pipa, wakikoroga kwa mikono. Jioni nilifua nguo za mume wangu uani. Kuku waliokunywa maji yale walikufa, nasi tukadhani ni kideri.

Miaka ilivyokwenda viganja vya mume wangu vikaota vinundu vigumu, na mgongo ukajaa madoa meusi. Nyayo zilimwaka moto, kisha zikafa ganzi; kiatu kiliweza kumtoka mguuni njiani asijue. Wakubwa wa reli walimwachisha kazi, wakisema maradhi yale ni ya kwao, ya huko mikokoni. Tukarudi Mbwera.

Mwenye duka mmoja wa Kibiti, Mhindi aliyekuwa akinunua mpunga wetu, aliiona mikono ile akatuambia mpwa wake ni wakili mjini.

"Sheria ipo," alisema. "Mtu akiumia kazini hulipwa. Lakini ugonjwa si kama mguu uliokatwa. Lazima uonyeshe ugonjwa umetoka wapi."

Wakili alikuwa kijana mpole, na Kiswahili alikijua vizuri. Alitaka shahidi aliyefanya kazi ile ile. Tukaenda kwa mdogo wangu.

"Shemeji, nitasema yote," alimwambia mume wangu. "Si nilikuwepo?"

Akamshika mikono, ile mikono ambayo hata jamaa zetu walikuwa wakiikwepa. Hapo nikamwamini kabisa.

Siku ya kesi alikuja amevaa koti la khaki ambalo sikuwahi kuliona. Wakili akamuuliza dawa walikuwa wakiichanganyaje. Akajibu kwamba walikoroga kwa miti mirefu, na glovu walipewa, ila shemeji yake alikuwa mbishi, hakuzivaa. Akaongeza kwamba shemeji yake alikuja mjini tayari ana maradhi yake. Kwanza nilidhani mkalimani aliyekuwa akimtafsiria hakimu amekosea. Kisha nikakumbuka kwamba mdogo wangu alikuwa akisema Kiswahili, na nilikuwa nikimsikia mwenyewe.

Wakili akaomba nami nisikilizwe. Nikaeleza habari za nguo, za kuku waliokufa kwa sumu ile, na za viganja vyangu mimi vilivyoanza kukakamaa. Nilisema kwa kirefu. Mkalimani akamgeukia hakimu Mwingereza, akasema maneno machache tu.

Wakili akasimama, akasema kwanza kwa Kiingereza, kisha akanigeukia. "Mama, nimemwambia hakimu kwamba mkalimani ameyakata maneno yako. Wewe umetaja sumu."

Hakimu akamwamuru aketi. Mke, alisema, hawezi kujua yanayofanyika kazini. Shauri likatupwa.

Nilimkuta mdogo wangu nje, amesimama peke yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada, wamenifanya nyapara. Wameniambia nikisema vingine, kazi sina. Nina watoto."

"Na wangu je?"

Mume wangu akanigusa bega. "Twende, lori la Kibiti litatuacha."

Wakili alijaribu kukata rufani, lakini kila mfanyakazi wa gengi aliyeulizwa alisema hajui kitu. Alikuja Kibiti mwenyewe kutuambia, hakumtuma mtu. Mume wangu alimshukuru sana. Mimi nilishindwa hata kusema asante, si kwa ubaya wake.

Mume wangu alifariki wakati wa mavuno ya mpunga. Tangu siku ile ya kesi hakumsema vibaya shemeji yake hata mara moja, na hilo liliniudhi, maana hasira yote niliachiwa mimi. Mdogo wangu alikuja mazikoni, akabeba jeneza mstari wa mbele. Wanaume wakampisha, kwani ni shemeji wa marehemu. Ningewaambia nini?

Mama yetu alipokuwa mgonjwa aliniomba nimsamehe mdogo wangu. Nikamjibu nimemsamehe, ili apate usingizi. Hadi leo mdogo wangu akinikuta huniamkia, "Shikamoo dada," nami humwitikia. Kisha kila mmoja hushika njia yake.