Risasi Zilizonukia Chapati

Nawaambia ninyi tu, maana pale kwenye klabu ya kulenga shabaha sirudi tena. Ilikuwa miaka ya tisini, bastola zikiruhusiwa bado Uingereza, na siku hiyo nilikwenda kujaribu kwa mara ya kwanza risasi nilizozisubu mwenyewe kwa madini niliyoyayeyusha bandani nyuma ya nyumba.

Risasi za namna hiyo hupakwa grisi ya nta ili zisigande kwenye mtutu. Grisi yangu niliitia kwenye kopo la zamani la samli, kwa sababu nyumbani kwetu kopo halitupwi. Asubuhi nilichukua kopo jikoni, nikapaka harakaharaka, nikaondoka.

Nilipiga ya kwanza, ukatoka moshi. Nilipiga ya pili, na chumba kizima kikanukia chapati. Nikaduwaa. Katikati ya Wazungu hawa, nani anakaanga chapati? Mate yalinijaa, nikamuuliza Graham, msimamizi wetu, "Kwani leo kuna chakula?"

Graham aliokota risasi yangu moja mezani, akainusa, akanitazama. "Umezipaka nini hizi?"

Nikanusa na mimi. Samli! Walicheka, nami nikacheka nao, mpaka nilipokumbuka kwamba kule nyumbani Ilford wakwe zangu walikuwa mezani kwangu, na kopo lililobaki jikoni ni lile jingine.

Nikakimbilia simu. Mke wangu alipokea kwa kunong'ona.

"Baba Salma, samli hii uliinunua wapi? Baba ameshakula chapati tatu, sasa anauliza mbona zinanuka mshumaa."