Koti la Kuazima na Eproni ya Mama Moraa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri Mkuu alimwaga mkoba wangu mezani. Kamera hakuigusa. Alitazama vitu vingine: kitana, kioo, kopo la mafuta ya kujipaka, tai iliyofungwa tayari, na koti jeusi lililokunjwa vizuri.

"Hii koti ni ya nani?"

"Ni ya kila mtu, madam."

Hakucheka. Ilibidi nimweleze. Niliacha shule darasa la sita pale Ndanai nikaanza kuzurura. Nilipakia maziwa Sotik, nikapasua kuni za kiwanda cha chai, nikauza betri, mpaka mpiga picha mmoja wa soko la Silibwet akanifundisha kazi yake. Kwetu sisi wa sokoni, koti lilikuwa kifaa kama lenzi. Mtu anatoka shambani na matope, anataka picha ya kumpelekea mchumba. Unamvalisha koti, unamchana nywele, na picha inatoka na mtu mwenye ofisi. Wazee wengi wa upande ule wametundikwa kwenye kuta za nyumba zao wakiwa ndani ya koti langu. Niliamini hiyo ndiyo heshima.

Mhariri Mkuu alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. "Hapa hatuvalishi mtu," akasema. "Ukikuta ndoo mlangoni, iache. Ukisogeza hata jani moja, umesema uongo."

Jani moja! Tulikuwa tumezungukwa na chai mpaka macho yachoke, na huyu mama alikuwa akilinda jani moja.

Shirika letu lilikuwa dogo, juu ya duka la dawa za mifugo hapo Sotik. Halikuuza gazeti wala matangazo. Wafadhili walitoa pesa, sisi tukachapisha habari za picha kwenye mtandao bure. Nilifundishwa mambo ambayo soko halikunifundisha. Ridhaa, yaani kumweleza mtu picha yake inakwenda wapi, naye akubali au akatae. Maelezo ya picha, ile mistari ya chini inayosema huyu ni nani, yuko wapi, anafanya nini. Na kitu walichokiita ukuta, ambacho hakikuwa cha matofali. Ilikuwa sheria kwamba anayetoa pesa haoni picha kabla haijachapishwa, wala hachagui ipi itoke. Afisa wa Miradi, aliyeshughulika na wafadhili, alikaa chumba cha pili na hakutakiwa kuvuka kuja kwetu kuangalia kazi.

Miaka ikapita. Mashine za kuchuma chai zikaongezeka kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na watu wakaanza kuambiwa warudi makwao. Nikatumwa kwa Mzee Nyakundi, aliyekuja kutoka Kisii akiwa kijana na kuchuma chai mpaka mvi. Alikuwa amepewa barua ya kuhama nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Nilimkuta amekaa mlangoni na suti yake ya kahawia ya Jumapili, viatu vinang'aa.

"Ngoja, usipige," akaniambia. "Bado kifungo." Akakifunga mwenyewe, polepole. "Hapa niliingia na kaptura, kijana. Nitatoka na suti."

Nilipiga bila kugusa kitu. Mhariri Mkuu aliiona picha, akanigonga bega. Kwake hiyo ilikuwa hotuba nzima. Kisha akaenda kwao mazishini.

Asubuhi iliyofuata Afisa wa Miradi alivuka. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama kompyuta.

"Huyu amefutwa kazi ama ni bwana harusi?"

"Ndivyo nilivyomkuta, bosi."

"Mfadhili ataniuliza shida iko wapi. Rudi huko, mwambie avae nguo ya kazi. Iliyoraruka."

"Na madam?"

"Madam ni wa habari. Kandarasi yako inaandikiwa chumba gani?"

Ningeweza kusema niliogopa, na ni kweli. Lakini kuna kingine. Miaka yote ya soko niliwavika watu koti ambalo si lao, na hakuna aliyelalamika. Nikaona kumvua mtu suti ni kazi ile ile, kinyume tu.

Mzee Nyakundi alinisikiliza, kofia mkononi. "Nguo zangu za kazi nilirudisha," akasema.

"Yoyote tu, Mzee. Hata iliyozeeka."

Aliingia ndani, akakawia. Alitoka na eproni ya plastiki, ile wachumaji wanayojifunga kiunoni ili umande na matawi visiwaumize. Ilikuwa imeraruka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa katani, na namba ya mchumaji imeandikwa kwa rangi mbele. Hakuifunga. Nilimfungia mimi, kwa mikono hii hii iliyokatazwa kusogeza jani.

"Hii ndiyo inatakiwa?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wewe ndiye unajua picha."

Nikaandika maelezo: Mzee Nyakundi na eproni aliyoivaa miaka yote kazini. Mhariri Mkuu aliporudi alidhani mzee mwenyewe ndiye aliyetaka apigwe picha tena. Akaichapisha. Ilisambaa haraka.

Siku ya tatu mama mmoja kijana alipanda ngazi zetu, simu mkononi.

"Kameraman ni nani hapa?"

"Ni mimi, dada."

"Mimi ni Moraa, binti ya Nyakundi. Niambie, nani alivalisha baba yangu nguo ya marehemu?"

Sikuelewa. Akanisukumia simu usoni, kidole juu ya ile namba.

"Hiyo ni namba ya mama! Tulimzika mwaka juzi. Baba alifungia hiyo eproni kwa sanduku, hata mimi sikuruhusiwa kuigusa. Sasa kanisani wananiuliza kama mzee amechanganyikiwa, anavaa mke wake aliyekufa!"

Mhariri Mkuu aliinuka, akaichukua ile simu na kusoma.

"Maelezo aliandika nani?" Mhariri Mkuu akauliza.

"Mimi, madam."

"Uliuliza eproni ni ya nani?"

"Sikuuliza."

Afisa wa Miradi alitokea mlangoni. "Tuitoe tu polepole, turudishe ile ya suti. Hakuna atakayejua."

"Hakuna nani?" Mhariri Mkuu akamjibu. "Na huyu aliyesimama hapa?"

Siku hiyo hiyo Mhariri Mkuu aliandika mtandaoni kwamba picha ilipangwa, maelezo yalikuwa ya uongo, na shinikizo lilitoka ndani ya nyumba yetu wenyewe, upande wa pesa. Sijawahi kuona mtu akijivua nguo hadharani namna ile. Mfadhili hakuendelea nasi. Tukahamia chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho, na Afisa hakuja nasi. Mimi nilingoja kufukuzwa.

"Kukufukuza ni rahisi," Mhariri Mkuu akasema. "Nenda kwa Mzee."

Nilimkuta kwa Moraa, Sotik. Nilimpa picha ya suti, nikaomba msamaha. Aliitazama sana, hasa kile kifungo.

"Mzee, kwa nini ulikubali kuivaa?"

Alishangaa kwamba nauliza. "Mama Moraa alichuma chai kunishinda. Nilifikiri mmesikia habari zake, mnataka naye aonekane."

Yeye alitoa ridhaa, kumbe kwa picha nyingine kabisa.

"Umekuja na kamera?"

"Ninayo."

Akanionyesha eproni, imetundikwa kwenye msumari ukutani. "Basi piga hiyo. Peke yake. Na andika jina lake."

Nikaandika: Eproni ya marehemu Kemunto, mchuma chai, mke wa Mzee Nyakundi. Mhariri Mkuu hakubadilisha neno.

Sasa nimestaafu, niko Ndanai na ng'ombe mmoja. Vijana wa kazi hii hunitembelea. Wananionyesha simu zinazoweza kumvalisha mtu koti ambalo halijawahi kushonwa, kisha wanaangalia koti langu kuukuu pale ukutani na kucheka. Nacheka nao. Halafu wanaiona picha iliyo kando yake. Kwenye ile picha kamba moja ya eproni imejikunja vibaya. Siku ile mkono wangu ulitaka kwenda kuinyoosha, nikaishika kamera kwa mikono yote miwili.