Pale Gitaa Linaponyamaza

Mtu akiniambia tena kwamba kaka yangu ni mwizi wa nyimbo, nitamrushia vijiti vya ngoma. Nimeshamrushia mmoja pale stendi ya Same, na sijutii.

Sisi ni bendi ya watu watatu. Kaka anapiga gitaa na kuimba, rafiki yake fundi pikipiki anapiga besi, mimi ngoma. Tunapiga roki. Ndiyo, roki, Same hii hii, ambako watu wakisikia gitaa lenye mkwaruzo wanauliza kama spika imeungua. Harusi ya kwanza tulifukuzwa kabla ya keki. Kule Lembeni mwenye ukumbi alituzimia umeme. Tukakomaa hivyo hivyo, mpaka kaka akatunga ule wimbo.

Unaanza na gitaa peke yake: sauti moja ndefu inapanda, inashuka, inapanda tena, halafu ghafla inakatika. Kimya. Kisha sauti mbili fupi, ndipo sote tunaingia. Kile kimya kilikuwa kinaniwasha mikono. Kila mazoezi nilitaka kukijaza na ngoma, na kila mara kaka alinikatalia.

"Hapo paache."

"Kwa nini?"

"Sijui. Paache tu."

Wimbo ukashika. Bodaboda wa Ugweno waliuweka kwenye simu zao, wanafunzi waliupiga juu ya madawati, redio ya mjini ikaucheza asubuhi na jioni. Waandaaji wa tamasha kubwa Arusha wakatuita. Sharti lao lilikuwa moja: tupige nyimbo zetu wenyewe, si za kunakili. Kaka akakubali kifua mbele.

Hapo ndipo mtangazaji wa redio alipotuchongea. Asubuhi moja aliucheza wimbo wetu, kisha akacheza wimbo wa zamani wa Wazungu fulani ambao nao gitaa lake hukatika mwanzoni. "Wasikilizaji, sikieni pale gitaa linaponyamaza. Kama huu si wizi, ni nini?" Simu zikamiminika. Wengine walisema tumeiba mchana kweupe. Wengine walisema gitaa lina nyuzi sita tu, lazima watu wagongane humo ndani. Dada mmoja wa Kihurio alisema hata kama tumeiba, tumeiba vizuri. Kwenye kundi la WhatsApp la wasikilizaji mambo yalichacha zaidi, na mmoja akaandika kwamba dawa ya wezi inajulikana. Nilicheka niliposoma, lakini usiku huo nilifunga mlango kwa komeo.

Kaka alikwenda redioni mwenyewe kujibu. "Wimbo huu sikufundishwa na mtu wala sikuusikia popote," alisema hewani. "Umetoka kichwani mwangu. Ikijulikana vinginevyo, naweka gitaa chini."

Nilikuwa jikoni na mama tunasikiliza. Nilitamani niingie ndani ya redio nimzibe mdomo. Mtu mzima anaapaje hivyo? Walipoucheza wimbo mama alichukua ungo wake akatoka nje, kama kawaida yake. Mama ni mwanakwaya wa Kilutheri, na wimbo ule ukianza tu, anatoka. Tulijua anauchukia.

Waandaaji wakasema tujisafishe kwanza. Mtangazaji akaleta wazo: tukapige hadharani, yeye arekodi, wasikilizaji waamue. Kaka akachagua kijiji chetu cha milimani. Tuliondoka kule baba alipofariki, kaka hajaanza shule na mimi bado nanyonya. Baba hatumkumbuki hata chembe, wala picha yake hatuna. Jambo hilo lilimuuma kaka kuliko alivyokubali kusema. Nadhani ndiyo maana alitaka ushindi wake aupatie nyumbani.

Tukafunga vyombo kwenye uwanja wa shule, jenereta likaunguruma, spika tukazielekeza bondeni. Watazamaji walikuwa wachache, wamesimama mbali. Kaka akapiga ule mwanzo. Sauti ikaenda, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Ampli ilikuwa inakoroma, kwa hiyo akaurudia, kisha akaurudia tena.

Ndipo nikaona watu. Walikuwa wanatoka kwenye migomba na kwenye njia za juu, wanaume kwa wanawake, wanakuja mbio. Mikononi wameshika majembe. Wengine mapanga.

Jamani! Niliukumbuka ule ujumbe wa dawa ya wezi. Mpiga besi aliweka gitaa lake chini taratibu huku akitazama njia ya kurudi. Mtangazaji akajificha nyuma ya spika, yeye aliyetutia kwenye moto! Mimi nikasimama mbele ya kaka na vijiti vyangu, kana kwamba vingemzuia mtu mwenye panga.

Mzee mmoja aliwatangulia wote, jembe begani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Ndiva imebomoka wapi?"

"Ndiva gani?" niliuliza.

"Bwawa! Si mmepiga pembe ya msaragambo?"

Kwetu Upareni msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji ukiziba, au ndiva ya maji ya mashamba ikijaa tope, pembe hupigwa mlimani na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa faini. Siku hizi wanaitana kwa simu, lakini wazee walikuwa wamesikia pembe, na walipobeba majembe vijana wakawafuata.

"Mzee, hili ni gitaa," kaka alisema. "Huu ni wimbo wangu."

"Piga tena."

Kaka akapiga. Alipofika kwenye kimya, mzee aliinua kidole, akasubiri, na zile sauti mbili fupi akazitoa yeye kwa mdomo. Nyuma yake mama mmoja alijishika shavu.

"Kila mpiga pembe ana namna yake," mzee alisema. "Aliyekuwa anasimama kabla ya zile mbili ni mmoja tu. Wewe mtoto wa nani?"

Kaka akataja jina la baba. Watu wakaguna.

"Kumbe ndiye wewe. Alikuwa anapiga amekubeba mgongoni."

Mtangazaji akachomoza na kinasa sauti chake. "Kwa hiyo wimbo si wako?"

Nilijua kaka ameapa nini, na tamasha lilikuwa mlangoni. Nilimkazia macho: sema ni wako, nani atakubishia hapa?

"Si wangu," kaka alisema. "Ni wa baba yangu."

Mzee akasema pembe ikishalia, jembe halirudi nyumbani kavu. Basi tukaenda wote kuzoa tope la ndiva, na mtangazaji naye na raba zake nyeupe. Hilo lilinifurahisha, siwezi kuficha.

Unadhani ubishi uliisha? Thubutu! Waliosema tumewaibia Wazungu sasa wakasema tumemwibia marehemu. Tamasha likatuondoa. Nikawapigia simu niwape vidonge vyao, mpiga besi akaninyang'anya simu. Kaka akatimiza kiapo: alilifunga gitaa kwenye shuka akaliweka juu ya kabati, asilitazame.

Aliyelishusha ni mama. Tulikuwa tumemaliza kula makande ya mchana. Akamwekea kaka mapajani.

"Piga."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa na furaha kwamba ni wako. Ningekunyang'anyaje, baba?"

"Sasa mbona ulikuwa unatoka nje?" niliuliza, tena kwa ukali.

Mama alikunja upande wa khanga yake, akaukunjua. "Baba yenu alikuwa na pumu. Pale kwenye kimya hakuwa anasimama kwa ufundi, alikuwa anatafuta pumzi. Nilikuwa nasimama mlangoni nasubiri amalizie zile mbili, ndiyo narudi jikoni. Siku moja hazikuja."

Kaka akapiga. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikakatika. Mama alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, wala hakutoka. Kaka akamtazama, akampigia zile mbili.